Siku ya Tatu Mpe Jembe: Kumpokea Mwanafunzi Mgeni katika Maisha ya Kila Siku, Kaptagat na Kwingineko

Utangulizi

Kiswahili kina neno moja, mgeni, linalobeba maana mbili ambazo lugha kadhaa huzitenga. Tunaposema "leo tuna mgeni" twamkusudia mtu aliyetutembelea, anayestahili kiti na chai. Mtu anaposema "mimi ni mgeni hapa" atuambia kwamba hajui njia, bei wala desturi za mahali. Makala haya yanamhusu mtu anayebeba maana zote mbili kwa wakati mmoja, yaani mwanafunzi aliyevuka mpaka wa nchi yake ili asome katika nchi nyingine. Aghalabu vyuo humshughulikia kwa maana ya kwanza pekee. Hupewa hotuba ya makaribisho, ramani na orodha ya sheria, kisha huachwa apambane na maana ya pili peke yake.

Hoja yetu ni kwamba kumsaidia mgeni kuzoea maisha ni kazi ya lugha zaidi ya ilivyo kazi ya ofisi, na kwamba sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili tuna sehemu yetu katika kazi hiyo, hata kama hatujaitwa. Mifano mingi imetolewa Kaptagat na jiji la Eldoret kwa sababu mwandishi anapafahamu, na kwa sababu ni nadra kupata mahali padogo kiasi hicho panapopokea wageni wengi na kuwatoa watu wake wengi kwenda ugenini.

Kaptagat ni eneo la msitu na mashamba, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mwendo wa chini ya saa moja kwa matatu kutoka Eldoret. Asubuhi za Julai baridi yake humshangaza hata Mkenya aliyetoka Kisumu, sembuse kijana aliyetoka Juba. Upande mwingine wa Eldoret, huko Kesses, ipo bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984. Mjini kwenyewe ipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako tangu mwaka 1989 ushirikiano wa Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani umewaleta wanafunzi wa udaktari kutoka ng'ambo na kuwapeleka wetu huko. Vyuo vingine, kama vile Brown, Duke na Toronto, vilijiunga baadaye. Kwa hiyo, mwanafunzi mgeni si jambo geni Uasin Gishu. Tunampanda naye matatu moja.

Methali na kambi

Methali isemayo "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" huelezwa darasani kana kwamba ni onyo kwa wageni wazembe au ushahidi wa uchoyo wa mwenyeji. Fasiri hiyo haitoshi. Jembe ni chombo cha watu wa nyumbani. Anayekabidhiwa jembe amepewa ruhusa ya kwenda shambani na wenyeji, kusikia wanayosema wakiwa wameinama, kuchekwa anapokata mche badala ya gugu, na kurudi jioni akiwa na haki ya kula bila kusindikizwa kwa heshima. Anayenyimwa jembe anaendelea kuketi sebuleni, na kukaa sebuleni kwa miaka minne ni adhabu.

Mfano wa wazi wa fasiri hii uko Kaptagat, katika kambi ya wanariadha anayoifundisha Patrick Sang. Kambi hiyo imejulikana duniani kwa ajili ya Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni wa Olimpiki za Rio 2016 na Tokyo, ambaye tarehe 12 Oktoba 2019 alikimbia umbali huo jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Waandishi wa habari waliofika hapo wamesimulia mara nyingi jambo moja lililowashangaza: kazi za nyumbani hugawanywa kwa zamu, na bingwa huosha vyoo zamu yake ifikapo kama kijana aliyewasili juma lililopita. Wengi wamelitaja jambo hilo kama ushahidi wa unyenyekevu wa Kipchoge. Linaweza kutazamwa pia kutoka upande wa kijana aliyewasili juma lililopita. Zamu ile humwambia bila hotuba yoyote kwamba hapa hatazamwi kama mgeni, wala hahitaji kuomba nafasi ya kuzungumza na mkubwa wake. Watazungumza wakiwa na ndoo mkononi.

Mganda Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012 mbele ya Wakenya wawili, Abel Kirui na Wilson Kipsang, alifanya mazoezi upande huu pamoja na kundi la Sang. Ni kweli kwamba Kiprotich hakuwa mgeni kamili. Anatoka Kapchorwa, na lugha ya Wasebei ni ndugu wa Kikalenjin. Hata hivyo, wako Wakenya waliolalamika kwa mzaha siku ile kwamba tumemfuga simba wa watu. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ushahidi kwamba alipokewa hasa.

Sang mwenyewe, mshindi wa medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji mjini Barcelona mwaka 1992, aliwahi kuwa mwanafunzi mgeni katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Hatudai kwamba zamu za Kaptagat zilitoka huko. Yaelekea zaidi kwamba zilitoka katika maboma ya Wakalenjin na mabweni ya shule zetu. Lakini si vigumu kuamini kwamba mtu aliyewahi kuwa mgeni hujua ni nini kinachomchosha mgeni.

Lugha ya siku za kwanza

Mgeni anayefika Eldoret kutoka ng'ambo huenda akawa amesoma Kiswahili kwa mwaka mmoja au miwili. Anajua ngeli, anaweza kunyambua vitenzi, na pengine amesoma hadithi fupi mbili tatu. Bado siku yake ya kwanza humshinda, kwa kuwa mambo yanayoendesha siku hayamo katika sura za mwanzo za kitabu chake.

La kwanza ni saa. Mkalimani hahitajiki kueleza kwamba saa mbili asubuhi ni masaa mawili baada ya jua kuchomoza. Anayehitajika ni mtu wa kumwambia mgeni kwamba simu yake itaonyesha 8:00, na kwamba mama wa mboga, kondakta na mzee wa kijiji watatumia hesabu ya Kiswahili, ilhali karani wa chuo akizungumza Kiingereza atatumia ile nyingine. Mtu yuleyule anaweza kutumia hesabu zote mbili katika mazungumzo mamoja. Mgeni aliyeambiwa matatu ya Kaptagat itaondoka saa mbili, akafika kituoni adhuhuri imekwisha kupita, hakukosa akili. Kuwaeleza wageni jambo hili siku ya kwanza, kabla ya ngeli ya M-WA, kungewaokolea safari nyingi.

La pili ni maneno yanayofanya kazi tofauti na maana yake ya kamusi. Mathalani, neno pole. Mgeni anajikwaa njiani, mpita njia anasema "pole", naye mgeni anashangaa kwa nini mtu asiyemgusa anaomba radhi. Baadaye anakuta watu wakifyeka nyasi, anasikia "poleni na kazi", anachanganyikiwa zaidi. Hajaelezwa kwamba pole ni kumshika mtu mkono kwa maneno, hata pale ambapo hakuna kosa. Kadhalika, "umepotea!" Msichana mmoja kutoka Ulaya, aliyekuwa akihudhuria masomo ya Kiswahili ambayo mwandishi wa makala haya husaidia kuyaendesha, aliambiwa hivyo na jirani ambaye hakuwa amemwona kwa juma zima. Alimhakikishia jirani kwamba njia anaijua vizuri sana. Jirani alicheka mpaka akaketi. Baada ya kuelezwa kwamba salamu ile ina lawama tamu ndani yake, yaani tulikukosa, msichana yule alinyamaza kidogo kisha akauliza iwapo anaweza kuwaambia hivyo watu wa kwao. Ilikuwa mara ya kwanza kutambua kwamba kuna mtu aliyekuwa akihesabu siku zake za kutoonekana.

Suala la shikamoo linahitaji uangalifu. Wageni waliosoma Kiswahili Zanzibar au Dar es Salaam hufika wakiwa wamefunzwa kuwaamkia wakubwa wote kwa shikamoo, na hilo ni jema. Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa salamu hiyo inajulikana shuleni kuliko nyumbani. Mama mzee wa Kaptagat anaweza kuijibu kwa "poa", au kwa kicheko, au akamjibu mgeni kwa "chamgei" ya Kikalenjin na kumpa mkono. Hajamdharau. Wajibu wa mwenyeji ni kumweleza mgeni kwamba heshima hapa huonyeshwa zaidi kwa mkono na kwa muda: kusimama, kuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na kutoharakisha. Anayejifunza "chamgei" pekee na akaisema bila haraka atafunguliwa milango mingi kuliko aliyekariri maamkizi yote ya pwani.

Kisha kuna mursik. Maziwa haya yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti maalumu hupewa mgeni wa heshima na mwanariadha arudiye na medali. Rangi yake ya kijivu huwatisha wasioyazoea. Wengine hushauri mgeni ayanywe yote hata akiumia. Ushauri huo haufai. Anayeonja kidogo, akashukuru, akasema tumbo bado linajifunza, hajamvunjia mtu heshima. Kinachoudhi ni kukunja uso na kuuliza kama ni salama.

Kiswahili cha wodini

Jambo zito zaidi hutokea hospitalini. Mwanafunzi wa udaktari kutoka Indiana au Toronto huja kwa miezi michache, na hufunzwa Kiswahili kidogo ili aweze kuwasalimu wagonjwa na kufuata mazungumzo. Vitabu humfundisha kuuliza "unaumwa wapi?" na kutarajia jibu kama "kichwa kinaniuma". Mgonjwa wa Ainabkoi au Moiben humjibu "kichwa inagonga", "tumbo inakata", "roho inaenda mbio", "nasikia kizunguzungu". Upatanisho wa kisarufi umekwisha kuporomoka katika ngeli moja, jambo ambalo sisi katika semina zetu tungelijadili kwa uchungu. Lakini mgonjwa hajaja kusahihishwa. Tena, maneno yale yana habari ambayo sentensi sanifu haina: kugonga si sawa na kuuma, na "roho" hapa si nafsi ya wanafalsafa bali moyo unaodunda kifuani.

Swali linalofuata ni gumu kwa wanachama wa chama kama chetu: je, mgeni afundishwe Kiswahili sanifu au kile kinachosemwa barazani? Wako wahadhiri wanaoshikilia kwamba kumfundisha mgeni "kichwa inagonga" ni kuuza bidhaa mbovu. Rai yangu ni kwamba kinywa chake kifundishwe sanifu na sikio lake lifundishwe yote. Hakuna haja ya mgeni kusema "tumbo inakata", bali ni lazima aielewe aisikiapo, maana pengine ni usiku, muuguzi wa kumtafsiria yuko mbali, na mgonjwa hana maneno mengine. Anayehofia kwamba sikio litakiharibu kinywa na akumbuke kwamba sisi wenyewe tulilelewa kwa masikio ya namna hiyo, na bado tunaandika makala.

Waliotoka kwetu

Haitoshi kujitazama kama wenyeji tu. Walimu wa Kiswahili walianza kuishi ugenini kabla ya kizazi chetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliondoka pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1900 kwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Maandishi yake yalikuwa msingi wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, kitabu ambacho hakuna mtafiti wa utamaduni wa Waswahili anayekikwepa. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke Mjerumani. Alipojaribu kurudi naye nyumbani mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilimzuia kushuka pwani. Alirejea Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Wajerumani walikihitaji Kiswahili chake kuliko walivyomhitaji yeye. Kila mara tunapowatumia wageni wetu kama vyombo vya kutuletea sifa au ada, inafaa kumkumbuka mwalimu huyo.

Mwezi Septemba 1959 ndege iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya iliwachukua Wakenya 81 kwenda kusoma Marekani, na kufikia 1963 idadi ya waliosafiri kwa mpango huo ilikaribia 800. Wangari Maathai, aliyekwenda mwaka 1960 kusoma katika chuo cha watawa huko Atchison, Kansas, ameeleza katika tawasifu yake, Unbowed (2006), upole wa watawa waliompokea. Ameeleza pia jinsi, wakiwa njiani kwenda huko, yeye na wenzake walivyokataliwa kuketi ndani ya mkahawa kwa sababu ya rangi yao. Mambo hayo mawili yalitokea katika nchi moja. Mgeni huanza kwa kuamini kwamba nchi nzima ina tabia moja, nzuri au mbaya, na inamchukua muda kujifunza vinginevyo.

Upande wetu huu, safari ya kwenda Marekani ilipitia miguuni. Henry Rono wa Nandi alijiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1976. Mwaka 1978, katika muda wa siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hakupata kushiriki Olimpiki hata moja kwa kuwa Kenya ilisusia zile za 1976 na 1980. Pombe ilimwangusha, akafikia kutokuwa na makazi huko Marekani. Aliyasimulia hayo waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 2007. Alirudi Kenya mwaka 2019, akafariki mwezi Februari 2024. Hatuna haki ya kusema kwamba upweke ndio uliomlevya, maana maisha ya mtu hayana sababu moja. Ila mkasa wake unaitatiza fasiri ya jembe tuliyoitoa hapo juu. Rono alipewa jembe tangu siku ya kwanza: alikimbia, akashinda, akakipa chuo sifa. Alikuwa na kazi kubwa kuliko wenyeji wote. Kwa hiyo jembe peke yake si dawa. Methali inadhani kwamba anayelima atarudi jioni kula na wengine.

Msiba wa karibu zaidi ulitokea mbele ya macho yetu. Mwaka 2021 serikali ya kaunti ya Uasin Gishu ilianzisha mpango wa kuwapeleka vijana kusoma katika vyuo vya Finland na Kanada, wazazi wakilipa fedha kupitia akaunti iliyosimamiwa humu humu kaunti. Ng'ombe waliuzwa, vipande vya ardhi vikauzwa, harambee zikafanywa makanisani. Kufikia 2023 karo za wengi hazikuwa zimefika vyuoni, vijana wakakabiliwa na hatari ya kufukuzwa, na wengine waliolipa hawakuwa wamesafiri kabisa. Wazazi waliandamana mjini Eldoret, suala likafika katika Seneti na, mwezi Agosti mwaka huo, mahakamani. Tusizungumze hapa juu ya hatia, kwani hiyo ni kazi ya korti. Tuzungumze juu ya kijana aliyelelewa mahali ambapo usiku na mchana hulingana mwaka mzima, akajikuta Tampere mwezi Desemba jua likionekana kwa saa tano na ushei tu, majirani wasiosalimiana kwenye ngazi, na barua ya chuo mkononi ikidai karo ambayo mama yake ana stakabadhi yake. Kijana huyo hatasaidiwa na kijitabu kinachomfundisha kuvaa sweta mbili. Mambo ya fedha ni sehemu ya maisha ya kila siku, na mpango wowote wa kumzoesha mgeni usioanza kwa kuhakikisha kwamba karo, kodi na bima vimelipwa mahali panapostahili ni mapambo.

Linaloweza kufanywa na chama

Kila mwaka wahitimu kadhaa wa Kiswahili wa Afrika Mashariki huenda Marekani kufundisha lugha hii kwa mwaka mmoja wa masomo chini ya mpango wa Fulbright. Baadhi ya wasomaji wa jarida hili watakuwa miongoni mwao. Hao ni hazina ambayo haijatumiwa. Wanaporudi hualikwa kutoa mhadhara kuhusu mbinu za kufundishia. Hawaulizwi walikula nini juma la kwanza, walimpigia nani simu walipougua, wala walichukua muda gani kutambua kwamba Mmarekani anayeuliza habari yako akiwa anatembea hangojei jibu. Chama kingeweza kuyakusanya majibu hayo katika kurasa chache, kwa Kiswahili, na kuwapa wanaoondoka. Kwa wanaokuja, kurasa nyingine: saa, pole, umepotea, lugha ya wodini, nauli ya haki kutoka Kesses hadi mjini, na jinsi ya kumwambia kondakta "shukisha hapo mbele" kabla kituo hakijapita.

Jambo la mwisho linahusu likizo. Katika kambi ya Kaptagat wanariadha hukaa pamoja siku za juma, kisha mwishoni mwa juma huenda kuziona familia zao. Ni utaratibu mwema kwa aliye na kwao karibu. Katika mabweni yetu hali hiyo hujitokeza kwa ukubwa zaidi ifikapo Desemba. Wakenya huondoka wote katika siku mbili, mikahawa ya wanafunzi hufungwa, na anayebaki ni yule ambaye nauli ya kwenda Juba, Mogadishu au Bujumbura haipatikani, au njia yenyewe haipitiki. Huyo amekwisha kufunzwa salamu na saa, anajua hata kutania, na bado anahesabu vyumba vyenye taa usiku akakuta ni kimoja. Haihitajiki bajeti kulishughulikia. Mwezi Novemba katibu wa chama apitishe karatasi mbili darasani: moja ya wanaobaki, nyingine ya walio tayari kwenda na mtu nyumbani kwa juma moja. Huko kwetu Kaptagat Desemba ni majira ya kuvuna mahindi, na hakuna mama atakayemkataa kijana mwenye mikono miwili, mradi aambiwe mapema idadi ya sahani.